Mbaazi Walizokula Ng'ombe wa Luhende

Kila asubuhi Raudha alifagia uwanja, akachota maji bombani, akanywa uji, kisha akaenda kumsubiri Helena kwenye njia panda ya shule. Helena alitoka mbali zaidi, ng'ambo ya bonde, kwenye kambi ya wafugaji. Mara nyingi alifika akiwa na vumbi hadi magotini.

"Umechelewa tena," Raudha alimwambia.

"Ng'ombe hawajui kengele," Helena alijibu, na wote wawili wakaanza kukimbia.

Walikuwa darasa la sita katika shule ya kijiji kimoja cha kata ya Chinongwe, wilayani Ruangwa. Ukoo wa Raudha ulikuwa umelima hapo tangu zamani: korosho, ufuta, mbaazi na muhogo. Baba yake Helena, Mzee Luhende, alikuwa amekuja na familia yake na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa miaka michache iliyopita. Siku za mwanzo wanafunzi walimcheka Helena kwa namna alivyotamka maneno. Raudha alikaa naye dawati moja kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Baadaye nafasi zilipatikana, lakini hakuhama.

Mwaka huo mbaazi zilizaa sana. Ulipoingia mwezi wa nane zilikuwa zimekauka shambani, na upepo ulipopita vitumba vyake vilichezacheza kama njuga.

Siku moja Mwalimu Letisia aliuliza darasani, "Mbaazi zenu huenda wapi mkishavuna?"

"Ghalani!" darasa zima likajibu.

"Kutoka ghalani?"

"Bandarini Mtwara!"

"Na kutoka Mtwara?"

Wanafunzi wakatazamana. Kisha Fatu, aliyependa mzaha, akasema kutoka nyuma, "Tumboni!"

Watoto wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu. "Fatu hajakosea sana. Zinaingia matumboni mwa watu wa ng'ambo ya bahari. Lakini watu hao nao wanalima mbaazi. Mvua ikiwanyeshea vizuri, wanavuna nyingi, kwa hiyo wananunua kidogo kwetu. Meli zinapakia kidogo, ghala zetu zinajaa, na bei inashuka. Mvua ikiwakosa, wanazitaka zetu nyingi, na bei inapanda. Bei ya mazao ya baba yako inaamuliwa na mawingu ambayo hajawahi kuyaona."

Helena akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo tuombe mvua isinyeshe kwao?"

Mwalimu Letisia aliweka chaki mezani. "Hapana, Helena. Nao wana watoto."

Jumamosi iliyofuata, baba yake Raudha, Mzee Swalehe, alikwenda Nachingwea kwenye mnada wa kwanza wa mbaazi. Alirudi jua likielekea kuzama, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Mkewe, Hadija, alimletea maji ya kunywa.

"Vipi huko?" aliuliza.

"Wamefungua sanduku la zabuni, wakasoma bei za wanunuzi. Tukapiga kelele, 'Hatuuzi!' Wakatuomba tufikiri tena. Tukafikiri. Bei ikabaki ileile. Haifiki hata nusu ya mwaka jana." Alikunywa maji yote kwa mkupuo mmoja. "Wanasema huko wanakonunua, wamevuna za kwao hadi zimemwagika."

"Basi tuvune, tuweke ndani, tungoje. Mdogo wangu kule Naipingo amefanya hivyo."

"Tungoje nini, Mama Raudha? Kukata kunataka vibarua. Kupura kunataka vibarua. Magunia, usafiri. Nitoe mfukoni ili nikauze kwa hasara? Mwaka huu mbaazi si mali." Akamgeukia Raudha. "Yale mabati niliyowaahidi, mwanangu, tusubiri mwakani."

Raudha alitikisa kichwa kukubali. Aliona macho ya baba yake yamekuwa mekundu, naye akajifanya anapanga vyombo.

Siku mbili baadaye, jioni, Mzee Luhende aliwakuta Swalehe na Raudha shambani. Helena alikuwa amefuatana naye, akichunga ndama waliobaki nyuma ya kundi. Wazee wakasalimiana.

"Mzee Swalehe, nina shida," alisema Luhende. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. "Nyasi za bondeni zimeungua moto. Ukishavuna mbaazi zako, naomba niingize ng'ombe wangu wale mabua."

"Mabua?" Swalehe alicheka kicheko kisicho na furaha. "Ingiza leo. Wale mabua na mbaazi zake."

Luhende hakucheka. "Kabla ya kuvuna? Mzee, usinitie matatani, bhana. Sisi watu wa ng'ombe hata nguruwe pori akichimba muhogo, inatafutwa kwato ya ng'ombe."

"Shamba ni langu, na nasema ingiza. Afadhali wanenepe viumbe wa Mungu kuliko zikaozea hapa. Mbolea yao itabaki kwangu, nitapanda ufuta."

Kwenye njia ya kuingilia shambani palikuwa na miiba mikavu iliyopangwa kuzuia mifugo. Katika vijiji vile kila mtu alijua maana ya miiba hiyo. Hakuna aliyeigusa isipokuwa mwenye shamba. Mwenye shamba akiiondoa kwa mkono wake mwenyewe, amekaribisha, na hapana haja ya maneno mengine wala karatasi.

Swalehe aliishika miiba kwa mikono miwili, akaiburuta hadi pembeni. Mwiba mmoja ulimchoma kidole, akakinyonya damu. Raudha na Helena walikuwa wamesimama hapo karibu kabisa. Ng'ombe wakaingia, na vitumba vikavu vikaanza kupasuka midomoni mwao.

Tangu siku hiyo, Helena alikuja njia panda na kidumu kidogo cha maziwa. "Baba amesema ni ya shukrani," alisema. Hadija aliyachemsha, akamnywesha mdogo wake Raudha aliyekuwa ametoka kuugua malaria. Mashavu ya mtoto yakaanza kujaa tena.

Kabla mwezi haujaisha, redio ilileta habari nyingine. Mvua zilizoahidiwa huko ng'ambo zilikuwa zimekata ghafla. Nchi iliyonunua kidogo sasa ilitaka nyingi, na haraka. Kwenye mnada uliofuata bei ilisomwa, na badala ya kupiga kelele za kukataa, wakulima walitazamana kwanza kuhakikisha kama wamesikia vizuri. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile waliyoikataa.

Kijiji kikabadilika. Magunia yakatolewa chini ya vitanda. Malori yakaanza kuja kupakia. Mama mdogo wa Naipingo akapiga simu, sauti imejaa furaha: "Shemeji, sisi tumeshapeleka ghalani! Wewe umepeleka magunia mangapi?"

"Bado," alijibu Swalehe, akakata simu.

Jioni alikwenda dukani kununua mafuta ya taa. Wanaume walikuwa wakicheza bao kwenye kibaraza. Raudha alikuwa naye, ameshika chupa.

"Swalehe bwana," mmoja wao alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kete zake, "nimepita shambani kwako leo. Mbona vimebaki vijiti? Umevuna lini wewe?"

 Swalehe alisema neno moja tu. "Ng'ombe."

Mchezo ukasimama. "Wa Luhende? Wamekuvunjia shamba? Mwaka wa bei hii?"

Raudha alimtazama baba yake. Alisubiri aseme, "Hapana, nilimkaribisha mwenyewe." Lilikuwa jambo jepesi kulisema. Lakini wale wanaume walikuwa wameacha kucheza, na kila mmoja alikuwa na magunia yake ghalani. Swalehe akatazama chini, akalipia mafuta, wakaondoka.

Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba ng'ombe wa Luhende wamevunja shamba la Swalehe. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rahimu, alikuja nyumbani.

"Swalehe, ni kweli haya ninayoyasikia?"

"Shamba si umeliona mwenyewe?" alijibu Swalehe.

Hakusema uongo hata kidogo. Shamba lilionekana. Lakini Raudha, aliyekuwa akiosha masufuria, aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Siku hiyo hiyo mgambo walikwenda kambini, wakaswaga ng'ombe wawili wenye maziwa hadi nyuma ya ofisi ya kijiji, wafungwe hapo mpaka Luhende alipe fidia. Mmoja wao alikuwa amezaa juzi tu. Ndama wake alibaki kambini, ng'ambo ya bonde, kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado haijamudu safari.

Ofisi ya kijiji ilipakana na shule. Mchana kutwa yule ng'ombe alilia, chuchu zimemvimba. Mwalimu Letisia alifunga madirisha ya darasa, lakini sauti ilipenya.

"Wala mashamba!" Fatu alinong'ona Helena alipopita kwenda ubaoni. Safari hii haikuwa mzaha, na wachache walicheka.

Wakati wa mapumziko Helena alimvuta Raudha nyuma ya choo cha wasichana.

"Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulimwona akiondoa miiba."

"Nilimwona."

"Basi sema, Raudha. Waambie."

Raudha alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Ni baba yangu, Helena."

"Na yule ni wangu," alisema Helena. Akarudi darasani. Siku hiyo hakumsubiri wakati wa kutoka.

Raudha alimkuta mama yake akitwanga. Alisimama pembeni mpaka mchi ukatulia.

"Mama, mtoto akijua jambo ambalo baba yake hakulisema, afanye nini?"

Hadija alijua mara moja ni jambo gani. Alifuta jasho kwa upande wa khanga. "Mtoto hamvui baba yake nguo mbele za watu, Raudha. Nimemwambia mimi mwenyewe. Hanijibu. Anageukia ukutani." Alichukua mchi tena. "Mpe muda. Si mtu mbaya, baba yako."

Raudha alijua si mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Ni yeye aliyembeba mgongoni hadi zahanati mwaka wa mvua nyingi. Ni yeye aliyemfundisha kuhesabu kwa mbegu za ufuta. Basi akampa muda, kama mama alivyosema.

Lakini ndama hakuwa na muda. Helena alimnywesha maziwa ya ng'ombe wengine kwa chupa ya soda. Ndama akaanza kuharisha. Helena akampa maji yenye chumvi na sukari, jinsi walivyofundishwa shuleni kuhusu watoto wachanga. Alifika darasani macho yamemwingia ndani, akalala juu ya dawati, na Mwalimu Letisia hakumwamsha.

Siku moja Helena alikuja mapema kuliko kawaida. Raudha alimkuta ameshakaa, mikono juu ya dawati.

"Amekufa," alisema Helena. "Alfajiri. Alikuwa ananyonya kidole changu, kisha akaacha."

Raudha alitaka kumshika mkono. Helena akauondoa taratibu, bila hasira, kama mtu anayeondoa kikombe ili kisimwagike. Nyuma ya ofisi, yule ng'ombe alikuwa bado analia. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mkutano uliitishwa mchana uleule kwenye kibaraza cha ofisi, na watu walikuja wengi. Luhende alisimama, kofia mkononi.

"Sijavunja shamba la mtu," alisema. "Mwenyewe aliniruhusu. Aliondoa miiba kwa mikono yake."

Watu wakaguna. "Miiba!" mmoja akasema. "Atoe mbaazi zake kwa ng'ombe, ni kichaa?"

Mwenyekiti Rahimu akainua mkono. "Una shahidi?"

"Binti yangu alikuwepo. Na binti yake alikuwepo."

Raudha alikuwa amesimama na wanafunzi wengine kwenye uzio wa shule. Mwenyekiti alimwita, akapita katikati ya watu. Watu walikuwa wamenyamaza hivi kwamba sauti ya ng'ombe ilisikika peke yake.

"Binti, usiogope. Wewe uliona nini?"

Raudha hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mikono katikati ya magoti. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

"Baba," alisema, "nisemeje?"

Wanaume wa kwenye bao walitazamana. Hadija akajifunika uso kwa khanga.

Swalehe alimtazama binti yake. Aliyaona machozi yake, na akaelewa kwamba mtoto huyu alikuwa tayari kuchukua uongo wa baba yake na kuutia mdomoni mwake, kama angeamriwa, na kwamba ungebaki humo maisha yake yote. Akasimama.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Niliondoa miiba mimi. Mkono huu." Aliunyanyua. "Luhende aliniuliza, na akanionya. Nikamwambia aingize. Bei ilipopanda niliona aibu, nikawaacha mseme mlivyosema."

Hakuna aliyecheka. Wengi walitazama miguu yao, kwa kuwa wengi walikuwa wamesema.

Mzee Rahimu aliagiza ng'ombe wafunguliwe papo hapo. Kisha akamgeukia Luhende. "Na mimi nina kosa. Nililiangalia shamba, sikukuuliza wewe. Tusamehe."

Kesho yake, asubuhi na mapema, Swalehe alikwenda kambini na Raudha. Alimvuta kwa kamba mbuzi wake bora, mtamba asiyewahi kuzaa. Walikuta mikeka imekunjwa na masufuria yamefungwa kwenye mkokoteni wa punda.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Swalehe. "Najua mbuzi si ndama. Ila nipokelee."

Luhende alimwangalia mbuzi, akamrudishia kamba. "Radhi nimekupa, mzee. Mbuzi rudi naye, atakuwa wa watoto. Sisi tunaelekea Liwale."

"Mambo yamekwisha, Luhende. Kijiji kizima kimesikia. Kaa."

"Yamekwisha, ndiyo." Luhende alivaa kofia yake. "Lakini siwezi kuishi mahali ambapo kila msimu nitasubiri bei itangazwe ndipo nijue kama nina jirani. Nina watoto, bhana."

Swalehe aliipokea kamba.

Helena alikuwa amekaa juu ya mkokoteni, amevaa sare ya shule, kwa sababu nguo zake nyingine zilikuwa zimeshafungwa. Raudha alimsogelea.

"Utaandikishwa shule huko?"

"Baba amesema ndiyo."

"Helena, nilichelewa kusema."

Helena alitazama mbali, walikokuwa ng'ombe. "Ulichelewa," alisema. Baadaye akaongeza, polepole, "Lakini hukusema uongo. Ningekuwa mimi, sijui."

Akamshika mkono mara moja, kwa nguvu, akauachia. Punda wakaswagwa. Vumbi la kundi likapanda, likafunika mkokoteni, na lilipotulia njia ilikuwa tupu.

Raudha alilia njia nzima ya kurudi. Baba yake alitembea taratibu kando yake, akiongoza mbuzi. Hakumwambia anyamaze. Walipofika ukingoni mwa bonde alisimama.

"Baba," Raudha aliuliza, "kama bei isingepanda, Helena angekuwepo?"

Swalehe alimvuta mbuzi karibu.

"Angekuwepo," alisema mwishowe. "Lakini usiilaumu bei, mwanangu. Bei inapanda na kushuka huko mbali, kwa mvua za watu tusiowajua. Mwakani itashuka tena, au itapanda, na mimi na wewe hatutaulizwa. Ahadi yangu kwa Luhende haikutoka huko mbali. Ilitoka mdomoni mwangu, na ilikuwa juu yangu mimi kuitunza. Nilikubali kutoa wakati kitu hakina thamani, nikakana kilipopata thamani. Mtu wa namna hiyo hajawahi kutoa chochote." Sauti yake ikakwama kidogo. "Wewe ukimwambia mtu 'ndiyo,' Raudha, iwe ndiyo hata siku itakapokugharimu. Na ukiona kosa, usingoje kama nilivyokufanya ungoje. Ukingoja, kuna kitu hufa."

Raudha alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nimesikia, Baba."

"Na mimi naomba radhi kwako pia."

Kengele ya shule ilikuwa inalia ng'ambo. Swalehe alichukua mkoba wa shule wa Raudha, akamvalisha begani, akamsindikiza mpaka mlangoni mwa darasa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake alipokuwa darasa la kwanza. Raudha aliingia, akakaa kwenye dawati lao, upande wake, akaacha upande wa pili wazi.